Shuka la Dirishani

Kila mtu ana kitu kimoja cha kujivunia, hata kama hakimletei faida yoyote. Nyoosha alijivunia joto. Si kwamba alilipenda. Alijivunia kwamba halikumweza. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi tangu ndevu zake zinaanza kuota, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, chumba chenye dirisha moja dogo lililotazamana na ukuta wa jirani, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa zimeingia mvi. Pasi ya mvuke ilimpumulia usoni kutwa nzima, naye yuko mkavu, anapiga mluzi. Wateja waliokuja kuchukua suti zao walichungulia huko nyuma, wakajipepea kwa mkono, wakamuuliza anawezaje. Jibu lake lilikuwa moja na hakuwahi kulibadilisha: "Mimi na joto tumeshazoeana, tunaishi kama watu wa nyumba moja."

Jina la Nyoosha alipewa na mfuaji wa duka lile, mama mnene mwenye maneno mengi, ambaye yeye mwenyewe waliishia kumwita Povu. Alimpa jina hilo kwa sababu jamaa hakuweza kuona mkunjo akaupita hivi hivi. Ukikaa naye kwenye benchi atakunyooshea kola. Mkahawani atalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja kabla sahani haijaletwa. Aliwahi kuwa na mke, mke akaondoka, na Povu alidai kwamba maskini alichoka kunyooshwa. Huo ni utani wa kazini. Mke aliondoka kwa sababu za kawaida ambazo watu huondokea, nazo hazituhusu hapa. Kinachotuhusu ni kwamba Nyoosha alibaki na mama yake.

Waliishi vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji, ile aina ya nyumba ambayo milango yote inatazama ua mmoja, bomba moja, na choo kimoja kule mwisho. Paa lilikuwa la bati, tena la chini, ungeweza kuligusa ukinyanyua mkono. Enzi zake mama alikuwa mpishi wa shule, mwanamke aliyekagua kucha za watoto kabla ya kuwapakulia, na sauti yake ilifika mpaka nje ya uzio. Halafu akaanguka, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Ndani ya chumba aliweza kujikongoja na fimbo yake, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha dirishani, kutoka kwenye kiti mpaka mezani. Ngazi za mlangoni zilimshinda. Kwenda chooni ilibidi ashikwe mkono, na huko chooni kwenyewe ilibidi ashikwe vilevile, ashushwe na kuinuliwa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na tuliseme bila kuzungukazunguka, maana wao walilizunguka mpaka likawaponza. Mama hakupelekwa chooni na mwanawe wa kiume. Hakuna aliyekaa chini akalipitisha kama sheria. Ilikuwa hivyo tu, kama ilivyo kwamba mtu hatoki nje bila nguo. Ndoo yenye mfuniko ilikuwepo chini ya kitanda. Nyoosha aliinunua mwenyewe, akaisukumia huko kwa mguu bila kusema neno. Lakini ndoo humwagwa na mtu, na mama alijua mtu huyo angekuwa nani, kwa hiyo ndoo ikabaki kavu.

Aliyemsaidia ni muuza mboga wa chumba cha pili, mama mkimya mwenye mikono ya nguvu, aliyepanga mafungu yake hapo hapo getini na kwa hiyo hakuwa mbali. Kila alipomwona anaingia chumbani kwa mama, Nyoosha alitoka. Alitoka kwenda kuangalia kama mawingu yanakusanyika, hata siku ambazo mbingu ilikuwa nyeupe kutoka upande huu mpaka ule. Muuza mboga akimaliza alimwita, "Bwana wa mvua, rudi ndani." Naye alirudi, akamkuta mama ameketi anajitengeneza mtandio, wakaanza habari nyingine kabisa.

Mwaka ule joto lilikuja mapema, likagoma kuondoka. Lami mbele ya duka la dobi ililainika ikawa inashika soli za viatu. Mbwa walihamia ndani ya mitaro. Usiku haukuleta nafuu yoyote, maana bati lilitema polepole kila lilichokuwa limemeza mchana, na watu walilala uani juu ya mikeka, wamejilaza huku na huku. Gari la watu wa afya lilipita mtaani na kipaza sauti: watu wanywe maji hata kama hawana kiu, wakae kivulini jua likiwa la utosi, wavae nguo nyepesi, wasiwaache wazee na watoto peke yao ndani ya vyumba vya bati, na wakimwona mtu anaongea ovyo na mwili umekuwa wa moto, wamwagie maji na wamkimbize hospitali bila kungoja. Nyoosha alisikiliza yote yale huku amejiegemeza mlangoni mwa duka, kama mtu anayesikia tangazo la bidhaa asiyokuwa na haja nayo.

"Hayo ni ya wenye ngozi laini," alimwambia Povu.

"Endelea kujikaza kisabuni," Povu akamjibu. "Tutakuja kukuokota na beleshi."

Lakini kwa mama yake hakuleta mzaha, na hapo tumpe haki yake. Kila asubuhi alijaza majagi mawili makubwa, akayaweka mezani mahali ambapo mama angeyafikia bila taabu, na kikombe pembeni. Feni alikwisha kuinunua, ila umeme ulikuwa ukikatika kila jua likipanda, na hata ukiwepo feni ilizungusha joto lile lile tu, ikalipeleka ukutani na kulirudisha. Ndipo akafikiri kidobi. Akachukua shuka zito la pamba, lililotupwa na nyumba moja ya wageni kwa sababu ya doa, akalilowesha, akalikamua nusu, akalibana kwa vibanio kwenye fremu ya dirisha lililo wazi. Upepo mdogo uliopita uani ulipenya kwenye shuka lile na kuingia ndani ukiwa na ubaridi. Mama, ambaye kusifu kwake ni kwa nadra, alikaa kwenye kiti chake akafumba macho.

"Leo umetumia akili," alisema.

Nyoosha alikwenda kazini siku hiyo akitembea kwa madaha.

Wiki iliyofuata muuza mboga alipata habari kwamba binti yake amejifungua, na kama mama yeyote ilibidi aende akamhudumie. Alifunga chumba chake. Kabla hajaondoka alizungumza na mwanamke wa chumba cha kona, mfagiaji wa ofisi, naye akakubali kumsaidia mama alfajiri kabla hajaenda kazini, na tena jioni akirudi. Mchana hakuwa na mtu. Nyoosha alilijua hilo, na kwa kuwa alilijua alijitahidi kulisema. Alisimama katikati ya chumba akiwa na jagi mkononi.

"Mama, sasa, hapa mchana..."

"Mchana kuna nini?"

"Mchana, hivi. Ukihitaji kitu."

"Nikihitaji kitu gani?"

Akalitazama jagi. "Kitu chochote."

"Mchana mimi nalala," mama akasema. "Nenda kazini baba, utachelewa."

Akaenda. Alipofika kona ya barabara alishusha pumzi, kwa sababu alikwisha kuuliza na alikwisha kujibiwa. Watu wazima wawili, wenye akili timamu, wanaopendana, na hawakuweza kutamka neno moja ambalo kila mtoto mdogo hulitamka bila kufikiri. Ukilitazama kwa mbali utacheka. Mimi nililicheka, mwanzoni.

Jioni alirudi akakuta majagi yote mawili yako tupu, yamepinduliwa vizuri juu ya kitambaa, na shuka la dirishani bado limelowa, linadondosha tone moja moja sakafuni. Moyo wake ukatulia. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa.

"Umekunywa, mama?"

"Kwani majagi huyaoni?"

Aliyaona. Aliyajaza tena asubuhi kwa furaha ya mtu ambaye mambo yake yanakwenda. Kazini aliwasimulia wateja habari ya shuka lake. Akawaambia wajaribu majumbani mwao. Alimsimulia mwenye duka, alimsimulia mtu wa posta, na Povu alisimuliwa mara nyingi kiasi kwamba alianza kuondoka akisikia neno dirisha. Ukweli ni kwamba maishani mwake hakuwahi kubuni kitu, na sasa alikuwa amebuni kimoja kinachofanya kazi.

Ishara zilikuwepo. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka, naye akasema ni upepo wa shuka. Hakumaliza chakula chake cha jioni. Alimkemea Nyoosha kwa kuburuta kiti, jambo ambalo Nyoosha hakulifanya. Usiku mmoja alimwita kwa jina la marehemu mumewe, kisha wote wawili wakacheka, na Nyoosha akalala akifikiri kwamba uzee hauna adabu. Mfagiaji wa chumba cha kona alimwambia uani, kwa aibu aibu, kwamba Bibi siku hizi jioni hahitaji sana kutoka. Nyoosha aliinamia bomba akajifanya anakaza koki. Habari kama hizo hakupaswa kuzisikia, kwa hiyo hakuzisikia.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Jua lilikuwa limeshapanda, na Nyoosha yuko kwenye kola ya shati jeupe la mteja mwenye kelele, Povu alipoingia chumba cha nyuma na beseni tupu kiunoni.

"Jua la leo limenishinda," alisema. "Naanika mashuka ya nyumba ya wageni, nafika la mwisho, narudi kwenye la kwanza, limeshakauka kama karatasi. Wala sijapumzika katikati."

"Si ndiyo vizuri. Kazi inakwenda."

"Inakwenda wapi? Yanakauka na mikunjo yote."

Nyoosha akacheka, na kwa kuwa mlango wa mazungumzo ulikuwa umefunguliwa, akapita. "Langu la nyumbani mbona halikauki. Nalibana asubuhi, jioni narudi bado linadondosha maji."

"Linadondosha?"

"Tone, tone. Umeshasikia habari zake."

"Nimesikia mpaka masikio yameota kutu, ila sikuwa nasikiliza." Povu akaweka beseni chini. "Shuka gani hilo, kaka?"

"La pamba. Zito."

"Hata liwe blanketi. Kwa jua hili?" Alikuwa ameacha utani, na sura yake bila utani ilikuwa ngeni. "Wewe ni dobi, mimi ni dobi. Halifiki hata saa sita likiwa na maji. Nani analimwagia mchana?"

Ndani ya chumba cha mama mchana kulikuwa na mtu mmoja. Na maji yaliyokuwemo yalikuwa kwenye majagi mawili tu.

Pasi ilikuwa imetulia juu ya kola. Harufu ikapanda, kisha moshi mwembamba, na Povu ndiye aliyeiinua. Lilikuwa shati la kwanza kuungua mikononi mwa Nyoosha, naye hakuligeukia hata kulitazama. Alikuwa ameshatoka mlangoni na aproni yake kiunoni.

Alikimbia kwenye jua la utosi, jambo ambalo gari la watu wa afya lilikataza waziwazi. Alikimbia huku anaona kila kitu kwa zamu yake, kama mtu anayefungua vifurushi alivyoviweka mwenyewe: majagi yaliyopinduliwa kwa unadhifu, sakafu iliyolowa chini ya dirisha, midomo ile. Yeye, ambaye angeweza kukwambia kwa kugusa tu kwamba shati limetoka kwenye kamba dakika chache zilizopita, alirudi kila jioni akashika shuka bichi kwa mkono wake na kufurahi. Jambo alilolijua kuliko mambo yote duniani ndilo alilokataa kulijua. Alipofika getini mate yalikuwa yamemkauka na kichwa kinamgonga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake joto lilimwingia hadi kwenye mifupa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Jagi moja lilikuwa tupu, limepinduliwa kitambaani. La pili lilikuwa limeanguka sakafuni, maji yametawanyika mpaka chini ya kitanda. Alikuwa amevaa gauni lake zito la mikono mirefu, na juu yake sweta, vifungo vyote vimefungwa, kana kwamba anatoka kwenda mahali penye baridi. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu. Nyoosha alimshika shavu, akauondoa mkono upesi, akaurudisha.

"Mama."

"Wapange mstari," mama akasema. "Wa mbele wanisubiri, kijiko changu hakionekani."

"Mama, ni mimi."

"Hakionekani kijiko." Macho yake yalimpita yakaenda ukutani.

Nyoosha alijua la kufanya. Alilisikia kwenye kipaza sauti, neno kwa neno. Amvue zile nguo nzito, ammwagie maji mwili mzima, ampepee, ampeleke hospitali. Alijua, na mikono yake ikaenda kwenye kifungo cha kwanza cha sweta, ikakifungua, ikafungua na cha pili, ikasimama. Akatoka mbio uani kutafuta mwanamke. Akagonga mlango wa kona, ambao alijua kabisa mwenyewe yuko kazini. Akagonga wa muuza mboga, wenye kufuli. Akagonga mwingine, na mwingine, anaita, "Mama fulani, dada, jamani," na ua mzima uko kimya, kila mtu amekwenda kuhangaikia maisha. Akatoka hadi getini akatazama barabarani kama kuna mwanamke yeyote anayepita. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Akarudi akagonga milango ile ile kwa mara ya pili.

Mlango uliofunguka ni wa mlinzi wa usiku, mzee mrefu mkavu aliyekuwa amelala mchana ili kazini asisinzie. Alitoka amejifunga shuka kiunoni, macho yamevimba.

"Kuna nini, ndugu?"

"Mama yangu. Joto. Natafuta mwanamke amvue nguo."

Mlinzi alimtazama mara moja, kisha akatazama kile chumba. "Unamngoja mwanamke gani? Mvue."

"Mimi ni mwanawe."

"Mvue, nakwambia. Mimi nakuletea maji, siangalii." Akakamata ndoo mbili kwa pupa, akaenda bombani.

Nyoosha aliingia. Alivifungua vifungo akiwa amefumba macho, na vidole vyake, vilivyofungua vifungo vya maelfu ya mashati ya watu, vilihangaika kama vya mtoto. Mama alisukuma mikono yake. Hakuwa na nguvu ya kumzuia lakini alisukuma, na akasema kwa ile sauti yake ya zamani, kavu, "Niache. Niache, we kijana." Nyoosha alilia, wala hakuona haya kulia. Alimlaza sakafuni kwenye maji yaliyomwagika, akalichomoa shuka dirishani na kumfunika nalo, na mlinzi akawa anapitisha ndoo mlangoni kinyumenyume, mgongo umegeuka, mkono mmoja nyuma. "Mwagia kichwani. Kwapani pia. Usimnyweshe kama hajajielewa, atapaliwa." Nyoosha alimwagia, akapepea kwa kifuniko cha sufuria, akamwagia tena. Mama aliacha kusukuma. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mlinzi alikimbia barabarani na shuka lake kiunoni akasimamisha teksi. Walimbeba mama ndani ya lile shuka bichi, madirisha ya gari yakafunguliwa yote, na dereva, Mungu ambariki, hakusema neno kuhusu viti vyake.

Hospitali ilikuwa imejaa watu wa joto. Walilazwa mpaka kwenye korido, wazee wengi, na mafundi wawili wa barabara wakiwa bado na viatu vyao vya kazi. Wauguzi waliwatundikia dripu, wakawazungushia vitambaa vya baridi. Daktari alikuwa kijana, amechoka, anaongea taratibu. Alimuuliza Nyoosha kama mama alikuwa anakunywa maji.

"Majagi mawili kila siku," Nyoosha akasema, kisha akasikia alichokisema, akageuka akautazama ukuta.

Daktari hakumlaumu. Alieleza kwamba mwili wa mzee hauonyeshi kiu mapema, kwamba maji yakipungua jasho linakauka, na jasho likikauka mwili hauna tena njia ya kujipooza, unajipika wenyewe. Alisema figo zilikuwa zimegoma, ila zinaweza kurudi. Kuhusu kichwa hakuahidi. Aliongeza kwamba kama angeletwa mapema kidogo, halafu akaona uso wa Nyoosha akaiacha sentensi hiyo mahali ilipofika. Nyoosha aliimalizia mwenyewe, usiku ule na nyingi zilizofuata. Aliihesabu milango. Alijiuliza imekula muda gani, raundi ile ya pili, milango ile ile ambayo alikuwa ameshaigonga.

Figo zilirudi. Mama alirudi nyumbani amekonda, na mvua zilikuwa zimeanza kunyesha, hewa imepoa, mtaa umesahau. Povu alikuja na sabuni na matunda, akakaa kwenye kiti cha dirishani bila kufanya utani hata mmoja, na alipoondoka alimshika Nyoosha bega. Muuza mboga alikuwa amerudi pia. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akamtazama Nyoosha kwa hasira ya mtu anayekupenda.

"Ulishindwaje kumpeleka chooni wewe?"

"Angekufa kwa aibu," Nyoosha akasema.

Muuza mboga aliingia ndani akamwamkia Bibi, na Bibi akaitikia kwa adabu zote, kama mtu anayeitikia salamu ya mgeni.

Hivyo ndivyo alivyorudi. Alikula, alilala, alijitengeneza mtandio. Alikumbuka jiko la shule na majina ya masufuria yake. Nyuso za watu zilikuwa zimefutika, na uso wa mwanawe ulifutika pamoja na nyingine. Mwenye duka alimruhusu Nyoosha afanye kazi alfajiri hadi katikati ya asubuhi, muuza mboga akiwa bado hajaenda sokoni kununua mboga zake, na baada ya hapo alikaa na mama. Alimpa maji kikombe baada ya kikombe, na mama aliyanywa yote bila ubishi, akashukuru kila mara. Alimwita dada. Labda alidhani ni muuza mboga, labda ni dada yake aliyefariki siku nyingi. Nyoosha alijaribu kumrekebisha wiki ya kwanza, akaona anamtia hofu tu, akaacha.

Mchana mmoja alimaliza kikombe chake, akakipindua kitambaani, akanyoosha mkono.

"Dada, nipeleke uani."

Nyoosha alisimama. Muuza mboga alikuwa getini, mita chache tu, angeweza kuitwa. Hakumwita. Alimpa mama fimbo, akamshika kwapani.

"Mwanangu anarudi saa ngapi?" mama akauliza.

"Jioni."

"Basi twende upesi. Hapendi mambo haya, yule. Huwa anatoka nje kuangalia mawingu." Alitabasamu kidogo, akainamisha kichwa karibu na sikio la Nyoosha. "Maji yake nilikuwa namwaga. Usije ukamwambia."

"Simwambii," Nyoosha akasema, wakaanza kushuka ngazi.